Vyombo Juu ya Kaburi la Bibi Dicey

Trekta ilikuwa imeshasaga makaburi mawili Velma Tolliver alipofika mbio, chaki bado mkononi.

"Roscoe! Zima hilo dubwana!"

Roscoe alikuwa dereva wa serikali ya wilaya, lakini kusoma alifundishwa na Velma katika shule iliyo pembeni ya makaburi hayo. Akazima.

"Nani kakwambia uzime?" alifoka Bwana Crandall, mzungu wa ofisi ya barabara. Kijana wa juzi tu, na mama wa watu anamwita kwa jina kavu. "Velma, rudi darasani. Barabara inapita hapa. Tunaondoa jalala."

Jalala! Vikombe, sahani, taa, makombe ya kome wa mtoni. Hivyo ndivyo watu wa Harper, huku Alabama, wanavyowaaga wafu wao. Chombo cha mwisho alichotumia marehemu huvunjwa kikawekwa kaburini, kifo kisije kikamfuata mwingine nyumbani. Watu hawa walitoka utumwani mikono mitupu, wakafyeka msitu, na nyumba zao hazijapata sakafu wakaanza kujenga shule. Bibi Dicey, nyanya yake Velma, ndiye aliyetoa kiwanja. Alikufa kabla paa halijaezekwa. Birika lake la bluu lilikuwa juu ya kaburi lake, hatua chache mbele ya trekta.

"Ni makaburi," Velma alisema. "Huyo ni bibi yangu."

"Kaburi gani halina jina? Mlishindwa kuandika?"

"Unaniuliza mimi? Bibi yangu alichapwa kwa kushika kitabu tu, na kiboko alikishika babu yako! Leo ndiyo unamdai maandishi? Huna hata haya?"

Crandall akaiva uso. "Roscoe, washa. Ukikataa, kazi huna."

Roscoe akashuka taratibu. Alikuwa na watoto, na njaa haikuwa mgeni nyumbani kwake. Akachukua hendeli ya kuwashia injini, akamkabidhi Velma.

"Shika, Mwalimu. Mimi siwezi kumkanyaga aliyenipa pa kusomea."

Velma aliipima ile hendeli ya chuma mkononi. Alitamani kumtwanga nayo yule kijana, tena kichwani. Badala yake akaenda akaketi juu ya kaburi la bibi yake, hendeli mapajani.

"Sasa washa kwa ulimi," akamwambia Crandall. "Au kamwite sherifu wako na polisi wake. Na umwambie aje na chepe, maana hapa sitoki nikiwa hai."