Kipimo Kilichobaki Kwenye Pakiti

Fundi wa mapazia alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akikunja upindo wa pazia la ukumbi, binti yake alipoingia na kimfuko cha duka la dawa. Mama hakuuliza kuna nini ndani. Binti huyo nyumbani walimwita Kifungua, kwa kuwa ndiye aliyefungua mimba. Alikuwa na mwaka wa nne katika ndoa, na vimfuko vya namna hiyo mama yake alikwisha kuviona vingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa za kazi?"

"Nimeomba ruhusa. Kwangu siwezi kupima. Mwenzangu akiniona natoka chooni ananikodolea macho kama anasubiri matokeo ya mtihani."

Pakiti ilikuwa na vipimo viwili. Kifungua alikunywa chupa nzima ya maji ili mkojo uje upesi, akaingia msalani. Siku zake zilikuwa hata hazijafika, lakini subira ilikuwa imemwishia zamani. Aliporudi aliweka kijiti juu ya meza ya kukatia, wakakitazama wote wawili. Ukatokea mstari mmoja. Wa pili hawakuuona, hata walipokisogeza dirishani.

Kifungua hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye furushi la vitambaa akawa anakunja kipande cha lesi, anakikunjua, anakikunja tena.  Mama akafanya alilozoea kufanya mambo yanapokuwa mazito, akaleta mzaha.

"Vijiti hivi vinaota ndoto za mchana. Hebu nipe hicho kilichobaki nikuonyeshe. Kitasema hata mimi nina mimba."

"Mama, acha utani."

"Nipe!"

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hedhi yake siku hizi ilikuja na kupotea kama umeme wa mgao. Aliingia msalani akicheka, akatoka akicheka, akakiweka kijiti chake kando ya kile cha binti yake. Hawakungoja sana. Mistari miwili, myekundu yote, kama iliyochorwa kwa kalamu.

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko hadi mama akashika mbavu.

"Si nilikwambia? Kama mimi ni mjamzito, basi na cherehani hii inatarajia!"

Kifungua alifuta machozi, na safari hii yalikuwa ya kicheko. Kama cha mama kimedanganya, na chake huenda kimedanganya. Aliondoka na moyo mwepesi kidogo.

Mama alipobaki peke yake kicheko kilimwisha. Alikumbuka jinsi alivyosinzia kwenye cherehani wiki nzima, na harufu ya vitambaa vipya ilivyomkera, yeye aliyezeeka ndani ya harufu hiyo. Yote alikuwa ameyatupia uzee. Akavitia vile vijiti kwenye taka, lakini kichwani havikutoka.

Jumatatu alikwenda kwenye zahanati ya jirani. Nesi wa pale alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Nina rafiki yangu," fundi alianza, "amepima nyumbani na binti yake. Binti kapata mstari mmoja, yeye kapata miwili. Nani kadanganywa?"

"Binti alipima siku zake zikiwa zimepita?"

"Bado. Tena alikuwa amejijaza maji."

"Basi aliwahi mno. Mimba ikishajishika tumboni ndipo mwili unaanza kutoa ile homoni ambayo kijiti kinaitafuta, na mwanzoni ni kidogo sana. Jibu la 'hapana' likija mapema halina uhakika. Arudie siku zikishapita, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Asome kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, asikiache kijiti kikauke halafu akakitafutia mstari."

"Na huyo mwenye miwili?"

"Kama kipimo hakikuwa kimepitwa na wakati, na alikisoma mapema, miwili ni nadra kudanganya. Sikusema haiwezekani, ndiyo maana tunapima tena." Nesi alivaa miwani yake. "Huyo rafiki yako umekuja naye?"

Fundi wa mapazia aliinamisha uso. "Nimekuja naye."

Walipima tena, kisha akapelekwa chumba cha picha za ultrasound. Pale kwenye kioo cha mashine, kitu kidogo kama punje ya haragwe kilikuwa kinapwitapwita. Hakuhitaji kuelezwa.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiwatuliza watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa. Aliposikia habari alisema kwa sauti yake ileile ya kazini:

"Tulia. Usibonyeze kitu chochote."

Mkewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu atoke zahanati. Halafu akasema lililomkaa rohoni. "Nitamwambiaje Kifungua?"

"Mwambie kabla tumbo halijamwambia."

Alikwenda kwa Kifungua mwishoni mwa wiki. Mkwe wake hakuwepo. Alianza na maneno ya nesi, kwamba kile kipimo kilikuwa cha mapema, kwamba arudie.

"Nilirudia, mama. Asubuhi, kama inavyotakiwa. Mstari mmoja. Na jana nikaziona siku zangu."

Mama alimshika mkono. Angeweza kunyamaza, na alitamani kunyamaza. "Mwanangu, kile changu hakikudanganya."

Kifungua hakuelewa mara moja. Alipoelewa alinyanyuka akaenda jikoni, akaosha sufuria iliyokuwa safi. Maji yalitiririka muda mrefu. Aliporudi hakukaa.

"Kile kijiti nilinunua mimi," alisema polepole.

"Najua."

"Leo nenda, mama. Sijakukasirikia. Nenda tu."

Mama alikwenda. Hakupiga simu, kwa kuwa alijua bintiye hapendi kubanwa. Mdogo wake Kifungua, aliyekuwa masomoni mji mwingine, alipigiwa simu na baba yake, na swali lake lilikuwa moja: "Kama mimi si kitinda mimba tena, sasa mimi ni nani?" Nyumba ilicheka, lakini kila simu ilipolia mama alitazama jina, na halikuwa la Kifungua.

Siku ya kutundika mapazia ya ukumbi ilifika. Fundi alikuwa juu ya ngazi, mikono yote miwili imeshika bomba la pazia, aliposikia sauti chini yake.

"Shuka."

Alishuka. Kifungua alikuwa amevaa nguo za ofisini. Alivua viatu akavipanga ukutani, akapanda mwenyewe.

"Nani amekuruhusu kupanda ngazi na hali hiyo?"

"Kazi ya watu, mwanangu."

"Nipe ndoano."

Wakaanza kazi, mama akiinua kitambaa, binti akitundika. Walipofika dirisha la mwisho Kifungua alisema akiwa huko huko juu:

"Nimelia, mama. Nimekuonea wivu, mama yangu mzazi. Halafu nikaona aibu, halafu nikalia tena."

"Lia hata mbele yangu."

"Nitalia. Lakini wewe usifiche furaha yako ukiniona. Hilo ndilo litakaloniumiza." Akatundika ndoano nyingine. "Mwenzangu amekubali. Tutakwenda kwa daktari wote wawili, apimwe na yeye. Nimechoka kujipima peke yangu chooni."

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, msichana, mwenye sauti ya kudai haki yake. Kifungua na mumewe walikuwa bado wanahudhuria kliniki yao, majibu mengine wamepata, mengine bado. Asubuhi ile yeye ndiye aliyekabidhiwa mtoto, kwa kuwa mama alikuwa amelala.

Nesi wa wodi alimsogelea akitabasamu. "Hongera, mama."

"Mimi ni dada yake," alisema Kifungua. "Mama ni yule pale."

Nesi alimtazama aliyelala, akamtazama aliyesimama, akapiga hesabu zake kimyakimya na kuondoka. Kifungua alicheka, akamsogeza mdogo wake karibu na dirisha ili amwone vizuri.