Makofi Yasiyo na Mikono

Jioni, sherehe ya michezo ilipokwisha, lori lilikuja kuchukua mahema, viti vya plastiki, spika, na ule mteremko wa mbao uliolazwa juu ya ngazi za lango ili wanamichezo wenye ulemavu waingie uwanjani na viti vyao vya magurudumu. Vyote vilikuwa vya kukodi. Makofi hayakukodiwa, kwa hiyo hakuna aliyeyadai. Yalizurura kidogo kwenye nyasi kama mgeni aliyeachwa na gari, kisha yakamfuata Kiwiko nyumbani.

Kiwiko ni jina alilopewa kwa sababu ya mkono wake. Siku hiyo, akiwa amekaa kitini, alirusha tufe mbali kuliko wote. Mgeni rasmi alimvika medali, akamwita shujaa wetu, maana jina lake lilikuwa limemtoka kichwani.

Dada yake, mfuaji wa mashuka hospitalini, alifungua mlango akasikiliza.

"Umekuja na watu?"

"Makofi tu, dada."

"Basi yaingie. Ila yakiniamshia watoto, yatalala nje."

Asubuhi Kiwiko alifunga kifungo cha shati, akapigiwa makofi. Akakoroga chai, makofi. Alipopiga chafya, na vigelegele vikachomekwa. Mwanzoni alifurahia, akawa anaitikia kwa kichwa kama mbunge. Baada ya siku kadhaa aliyaomba kwa adabu yamsubiri nje ya choo. Yakashangilia ile adabu.

Dada akienda kazini na watoto shuleni, nyumba ilibaki na yeye na makofi. Kabla ya sherehe alikuwa na jambo la kumtoa kitandani: alikuwa anajiandaa. Sasa hakuna aliyemtarajia mahali popote. Akatoka uani, akatia jiwe ndani ya soksi, akalirusha. Lilivuka kamba ya nguo, likaanguka mahali ambapo jiwe lake halikuwahi kufika. Makofi. Akarusha la pili vibaya kwa makusudi, likadondoka kando ya gurudumu lake. Makofi yaleyale, pengine na nyongeza kidogo.

Kiwiko alikaa pale na soksi mapajani mpaka jua likamhama. Alichotaka ni mtu mmoja tu wa kumwambia, bega limeshuka, rudia.

Kesho yake akaenda uwanjani. Mtunza uwanja alikuwa anamwagilia nyasi ambazo hakuna aliyezikanyaga. Akayasalimia makofi, akamsalimia na yeye.

"Uwanja uko wazi?" Kiwiko aliuliza.

"Wazi kabisa, kaka. Karibu ndani."

Wote wawili wakazitazama ngazi.

"Na ule mteremko?"

"Ulirudi kwa mwenyewe. Mwakani utakuja tena na mahema."

Kiwiko akamwambia hana shida na mahema. Anataka kurusha asubuhi, siku za kawaida, bila spika. Mtunza uwanja akasema anamwelewa sana; ofisini nako wanamwelewa sana, ndiyo maana kila mwaka wanamfanyia sherehe. Mbao za mteremko zilishawahi kuombwa, walioomba wakajibiwa kwamba kwa siku moja tu ya kuzitumia, kununua ni ufujaji. Alilieleza hilo taratibu, huku mpira wa maji ukimlowesha viatu.

"Nikikubeba mimi?" akasema.

"Utanibeba kila siku?"

Mtunza uwanja akafikiri kwa uaminifu. "Kila siku, hapana. Mgongo wangu huu." Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Ila mwakani njoo na makofi yako. Watu siku hizi ni wagumu kupiga."

Kiwiko akageuza kiti. Makofi yakalipuka kwa namna alivyogeuza, yakamsindikiza barabara nzima, mazito na yenye moyo. Waliokuwa wanapita wakadhani ametoka kushinda kitu. Wakasimama kando, wakampisha.