Kimio cha Hadi

Mwanangu Hadi aliamka shingo imekakamaa, mate yakimtiririka asiweze kuyameza. Nikamtegea kitendawili, ndiyo dawa yake akinuna: "Nyumba yangu haina mlango!"

Siku zote hupiga kelele "Yai!" kabla sijamaliza. Asubuhi hiyo sauti ilitoka kama ya mtu mwenye uji wa moto kinywani.

"Kimio hicho," akasema mavyaa wangu, Bi Kuluthum. "Kimesalia kipande. Namwita Mzee Ngowa amalizie."

Juma lililopita Hadi alikuwa na kikohozi, na Ngowa akamkata kimio, kile kinyama kininginiacho kooni, kwa kijisu chake kilichopinda. Pale kwetu Timbwani watoto wengi walikatwa hivyo. Nani angemkatalia mama wa mumewe?

"La, mama. Nampeleka hospitali."

"Wewe! Mahfudh akirudi kutoka kazini utamwambia nini?"

"Nitamwambia mwanawe hapumui vizuri."

Mavyaa akatwaa buibui lake, akanifuata akinung'unika. Ndani ya feri nilimkalisha Hadi wima mapajani, maana nikimlaza alikoroma kama anayekabwa. Kivuko kile kifupi, siku hiyo hakikuwa na mwisho.

Hospitalini daktari akauliza, "Mtoto amemeza kitu?"

"Mwiba wa samaki," Bi Kuluthum akadakia. "Jana, tulipokula changu wa kukaanga."

Nilielewa. Aliogopa Ngowa asije akakamatwa, na yeye asionekane mshamba. Lakini daktari alikwisha kuagiza koleo refu la kuchokolea mwiba. Midomo ya Hadi ilikuwa imeanza kugeuka myeusi. Nami nimkadhibishe mavyaa mbele ya watu? Ulimi uliniwia mzito, wallahi.

"Si mwiba, daktari. Amekatwa kimio juma lililopita."

Daktari akaliweka koleo chini. Akamulika kinywani, akabonyeza shingo taratibu. "Basi kidonda kimeoza, usaha umejaa huko nyuma ya koo. Ningelichokoa ovyo, ungelipasuka ukamwingia mapafuni." Akambeba mwenyewe. Mlango ukafungwa.

Tukabaki kwenye benchi, mimi na mavyaa, bila kutazamana.

"Umenivua nguo hadharani," akasema.

"Nisamehe, mama."

Akageuza uso, akaanza kusoma dua. Ndani kimya. Nikasikia vyuma vikigongana, kisha kimya tena, kirefu, mpaka nikasimama.

Ghafla kikatoka kilio. Kikali, cha mtoto mwenye pumzi tele.

Bi Kuluthum akanishika mkono, akaubana.

"Alie," akasema. "Mwache alie, mwanangu."