Maua ya Kongo, Mizizi ya Mashimoni

Jumamosi ya pili ya Januari 2008, saa nne asubuhi, Ambrose Shivachi na Nduku walikutana katika ua wa kanisa karibu na Adams Arcade ili wabadilishane nyumba. Kila mmoja alikuja na ufunguo wake. Ambrose alikuwa amepanga chumba Kongo, kule Kawangware, kwa miaka tisa. Nduku, fundi wa kushona sare za shule, alikuwa amepanga chumba Mashimoni, Kibera, kwa miaka kumi na mmoja. Kura za Desemba zilikuwa zimehesabiwa, au hazikuwa zimehesabiwa, ilitegemea unamuuliza nani, na sasa kila kona ilikuwa na vijana walioomba kitambulisho na kusoma jina la mwisho tu. Jina la Kiluhya lilikuwa limechacha Kongo. Jina la Kikamba lilikuwa limechacha Mashimoni. Basi majina yakabadilishana mitaa, na wenye majina wakayafuata.

Hawakuwa wakijuana. Aliyewaunganisha ni Mutunga, msukuma mkokoteni, ambaye majuma hayo alikuwa na kazi nyingi kuliko wabunge. Vijana wa kila kona walimwacha apite, kwa sababu kila kona ilikuwa na mtu wa kuhamishwa.

"Tukubaliane hivi, Baba Jentrix," Nduku alisema. Jentrix alikuwa binti wa Ambrose, aliyepelekwa kwa nyanya yake Kakamega. "Kitu iko na miguu inaenda na mwenyewe. Kitu haina miguu inabaki. Mambo ikitulia, kila mtu anarudi kwake, anapata vitu zake."

Wote wakaona ni haki. Vitanda vikaenda, viti vikaenda, cherehani ikaenda, na kuku wawili wa Trizah, mke wa Ambrose, wakaenda kwa miguu yao wenyewe wakiwa wamefungwa kamba. Kabati zikabaki. Jiko la Nduku lilileta ubishi wa nusu saa, maana lilikuwa na miguu mitatu na mmoja ulikuwa umevunjika, mpaka Mutunga akaamua kwamba hata mwenye mguu mbovu husafiri.

"Kuna maua nyuma ya nyumba," Ambrose akasema mwishoni.

"Iko na miguu?"

"Iko na mizizi."

"Basi inabaki."

Ambrose akamkabidhi ufunguo. Maua hayo ndiyo kitu pekee alichotaka kubeba.

Aliyapata kwa Madam Lois, bibi mmoja Mmarekani wa Lavington aliyemwajiri kama mtunza bustani. Madam Lois alizaliwa kwenye nyanda za Nebraska, na uzeeni alishikwa na hamu ya maua ya porini ya kwao. Hakutaka yale ya kupanda leo na kung'oa kesho. Alitaka yale yanayolala mizizini na kurudi yenyewe kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, mpaka mjukuu aje ayakute. Mbegu alizileta ndani ya chupa ya aspirini, na kabla ya kuzipanda alizikalisha kwenye friji miezi miwili, kati ya siagi na jibini. Alisema mbegu za kwao hazioti mpaka ziamini zimepitia baridi kali. Ambrose aliona ni kazi ya bure kuihadaa mbegu kwamba imepata taabu, lakini yeye alikuwa mwajiriwa.

Mwaka wa 2005 Madam Lois alirudi kwao moja kwa moja. Alimwachia Ambrose miche mitano ndani ya mikebe ya maziwa, pamoja na maagizo: mwaka wa kwanza italala, wa pili itatambaa, wa tatu itaruka.

"Itakuwa rangi gani?" Ambrose aliuliza.

"Hiyo utaona mwenyewe," Madam Lois akasema, akapanda ndege.

Ambrose aliipanda nyuma ya chumba chake, kwenye kipande cha udongo cha hatua tatu kati ya ukuta na mtaro. Mwaka wa kwanza ililala. Majirani walimuuliza kwa nini asipande sukuma wiki kama watu wenye akili. Mwaka wa pili ikatambaa. Desemba ya mwaka wa tatu, kila shina likatoa tumba moja dogo kama kifungo cha shati, limejifunga. Siku ya kura Ambrose aliyamwagilia maji matumba yale kwanza, ndipo akaenda kupanga foleni. Wiki mbili baadaye alikabidhi ufunguo.

Hawakumaliza hata majuma mawili Mashimoni kabla ya majani kutokea chini ya kitanda. Saruji ilipasuka polepole, na Trizah alidhani ni panya. Kisha yakachomoza majani marefu, makavu ukiyagusa kama ulimi wa ng'ombe. Ambrose aliinama, akayapapasa, akayajua.

"Zimetufuata," alisema.

"Si zingebeba basi na kabati," Trizah akasema, akasogeza kitanda.

Mashimoni kulikuwa na majani tu, hakuna shina wala tumba. Mashina na matumba yalikuwa Kongo, yamesimama nyuma ya nyumba bila jani hata moja. Nduku alipiga simu kutoka huko.

"Baba Jentrix, hii maua yako imekataa maji. Namwaga, inakaa juu kama kwa sinia."

"Hebu ngoja kidogo, Mama Kamene," Ambrose akasema. Kamene ndiye mtoto pekee wa Nduku, ambaye sasa alikuwa sekondari Machakos.

Akachukua kopo, akamwaga maji chini ya kitanda. Sakafu ikayanywa kwa sauti. Baada ya dakika chache Nduku akapiga tena.

"Sasa imeinua kichwa."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana. Mizizi na majani vilikaa Mashimoni, ua likakaa Kongo, na katikati, chini ya Ngong Road na mabomba yake, kulikuwa na chochote kilichokuwako. Madam Lois aliwahi kusema kwamba mizizi ya maua hayo huenda chini kupita kimo cha mtu. Hakusema kwamba huenda pia kando. Wahenga nao walisema tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini hawakusema lolote kuhusu nyasi zinazohama. Wakapatana: Ambrose atamwagilia kila asubuhi, na maji yakifika Nduku atabipu mara moja, simu ilie na kukatwa bila kupokelewa.

Shida ilikuja kwenye kibanda cha maji. Mwenye kibanda alikuwa Nereah, mwanamke mwenye jicho la kujua nani ameoga na nani amenawa uso tu.

"Ambrose, siku hizi unachukua mtungi mbili," alisema. "Ya pili ni ya nini?"

"Ya maua."

"Maua iko wapi?"

Ambrose hakuwa mtu wa kudanganya. "Kawangware."

Nereah akafunga mfereji. Foleni nzima ikaguna. Maji yenyewe yalikuwa ya kugombaniwa, na sasa kumbe yanateremkia upande ule! Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akauliza kama mmea huo ulipiga kura, na kama ulipiga, ulipigia kituo gani. Ambrose akasema haukuwa umejiandikisha. Jibu hilo liliwatosha wengi.

"Maua haina kitambulisho," Nereah akasema baada ya kufikiri, akafungua mfereji. Akamjazia mtungi mpaka ukafurika. "Lakini usiseme kwa sauti. Hapa kuna watu hawapendi hata sukuma ya upande ule."

Mwisho wa Februari wakubwa walitia sahihi, wakashikana mikono, wakanywa chai mbele ya kamera. Mashimoni waliwatazama kwenye televisheni ya kinyozi, na watu wengine walipiga makofi. Jumapili iliyofuata Nduku hakubipu. Alipiga simu kabisa.

"Imefunguka, Baba Jentrix. Moja. Kuja uone."

Jumatatu Ambrose alipaka viatu rangi, akavaa shati la kanisani, akatembea mpaka Dagoretti Corner na kuendelea hadi Kongo. Alifika kwenye posho mill, kinu cha kusaga unga, hatua arobaini kutoka mlangoni pake. Hapo alikutana na Githinji, keateka wa ploti, mwangalizi wa vyumba vya kupanga, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiazima reki ya Ambrose na kuirudisha ikiwa na tope.

"Ambrose! Niaje bana!" Githinji alifurahi kwa kweli. Alimshika mkono, akaendelea kuushika, wala hakumpisha.

"Nimekuja kuangalia maua tu."

"Hata kuangalia," Githinji akasema, akitazama viatu vyake. "Si mimi, we unanijua. Ni hawa vijana. Ngoja kwanza mambo itulie."

Juu ya mabati nyuki walipita mmoja mmoja wakielekea nyuma ya nyumba yake, na hakuna aliyewauliza jina la mwisho. Ambrose alisimama pale mpaka posho mill ikazimwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Iliuma. Iliuma kuliko siku ya kuhama, kwa maana siku ile alikuwa na hofu ya kumshughulisha, na leo hakuwa na chochote ila hatua arobaini. Akageuka, akarudi Mashimoni, na kwa hasira hakumwagilia maji siku mbili.

Siku ya tatu Nduku alipiga simu. "Imeinamisha kichwa. Hata kama umekasirikia watu, hii haijakukosea."

Ambrose akachukua kopo.

Aprili, Kamati ya Maridhiano ya mtaa ilipata habari kwamba Kongo kuna ua lenye mizizi Kibera. Ilikuja na hema, viti vya plastiki na kreti nne za soda. Mwenyekiti alisimama kando ya mtaro akahutubu dakika arobaini na tano. Alisema mmea huo ni mfano wa kuigwa na kila Mkenya, kisha akaukabidhi cheti kilichofunikwa kwa nailoni, ambacho Githinji alikifunga shinani kwa uzi. Nduku alinyoosha mkono. Aliuliza mwenye maua atarudi lini, na yeye mwenyewe atarudi lini kwake Mashimoni. Mwenyekiti alimshukuru kwa swali zuri. Alisema mambo ya mimea yako kwenye ajenda hii, na mambo ya watu yako kwenye ajenda ile nyingine. Soda zikagawanywa.

Ambrose aliyajua hayo kupitia mandazi. Trizah alikuja nayo asubuhi yamefungwa kwa kipande cha gazeti, na kwenye kipande hicho mwenyekiti alikuwa amesimama mzima mzima, na kando ya goti lake palikuwa na ua. Ndiyo mara ya kwanza Ambrose kuona ua lake. Lilikuwa la kijivu, na lilikuwa na doa la mafuta. Alilitazama mpaka mandazi yakapoa, kisha akapiga simu.

"Mama Kamene, ni rangi gani?"

Fundi wa nguo hatamki rangi ovyo.

"Si zambarau," Nduku akasema. "Na si pinki. Na katikati iko na kitu kama kaa la jiko likishikashika. Wewe ngoja."

Alingoja siku tatu. Nduku alitoa kila kitambaa alichokuwa nacho, akakisimamisha kando ya ua saa sita mchana, jua likiwa wima, na kila kimoja kikashindwa. Siku ya tatu alikumbuka gauni lake la kwaya, lile alilovaa Mashimoni miaka yote. Akalipindua, akakata kipande kutoka ndani ya upindo, mahali ambapo jua halijawahi kufika, akampa Mutunga amletee Ambrose kwa mkokoteni.

Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Ambrose alikifunga kwenye majani, akalala kifudifudi sakafuni akitazama uvunguni. Trizah naye akalala kando yake.

"Ni mzuri," Trizah akasema.

"Ni mzuri," Ambrose akasema.

Nduku hakutaka malipo. Ila aliuliza kama kwenye mwimo wa mlango bado ziko alama za penseli, za kimo cha Kamene tangu wahamie pale. Hazikuwa na miguu, kwa hiyo zilikuwa zimebaki. Ambrose alichukua uzi, akaunyoosha kuanzia sakafuni, akapiga fundo penye kila alama, mafundo kumi na moja. Mutunga akaupeleka Kongo, akiwa ameuzungusha mkononi usipotee.

Desemba, mwaka ukiwa umetimia, maua yalifunguka tena, safari hii manne kwa pamoja. Githinji ndiye aliyepiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye habari njema.

"Ambrose, Kamati imepitisha. Ile mmea yako imekubaliwa kukaa pande zote mbili, Kongo na Mashimoni. Hakuna mtu ataisumbua."

"Asante. Na mimi?"

"Wewe uko kwa ile ajenda ingine."

"Itafika lini?"

"Mambo ikitulia."

"Githinji, si mambo imetulia? Nasikia redio yako ikiimba huko nyuma."

Redio ya Githinji iliendelea kuimba.

"Imetulia," akasema. "Lakini imetulia hivi."

Ambrose alimwambia amsalimie mama watoto. Kisha akachukua kopo, akapiga magoti, akamwagilia maji chini ya kitanda, pale palipofungwa kitambaa. Sakafu ikanywa. Alikaa hapo hapo akiwa na simu kwenye goti, mpaka ikalia mara moja na kunyamaza.