Mawaridi Yaliyomtazama Dada

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, Dada alikuwa amepiga magoti juu ya gunia akipogoa mwaridi wa tatu kutoka getini. Kila tawi alilikata mshazari, nusu kidole juu ya jicho linalotazama nje, ili chipukizi lielekee nje na katikati ya mti pabaki wazi, upepo upite. Matawi makavu aliyatupa kwenye karai. Miiba ilikuwa imemchora mikono hadi viwikoni. Glavu zilikuwepo jozi moja tu, za Mwalimu, za kupigia picha.

Dada alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kila mtu katika nyumba ile alimwita Dada, wakiwemo wajukuu, ambao wazazi wao yeye ndiye aliyewabeba mgongoni. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado alipiga makofi mawili alipotaka kusikilizwa. Mtaa mzima uliijua bustani ile kama bustani ya Mwalimu, na mwaka huu ilikuwa imeingia fainali ya mashindano ya bustani za nyumbani.

Wiki sita baadaye, siku ya Jumatatu, mawaridi yalichanua yote kwa pamoja yakitazama dirisha la jikoni. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo. Alipotoka kuanika nguo upande wa pili, yakageuka taratibu, kila ua kwenye kikonyo chake. Saa nne alikwenda dukani kununua sabuni, nayo yakageukia barabara. Aliporudi, yakarudi naye.

Mzee, mume wa Mwalimu, aliyaona yote hayo akiwa barazani na gazeti lake.

"Yanakufuata," alisema.

"Nimeyaona, baba. Chai yako iko kwenye chupa."

Mwalimu akatoka kukagua. Alimwambia Dada aende kushoto, kisha kulia, kisha achuchumae nyuma ya pipa la maji. Maua mia moja na kumi na manane, aliyokuwa ameyahesabu kwa ajili ya fomu ya mashindano, yakainama kidogo kulichungulia pipa.

"Majaji wanakuja Jumamosi," Mwalimu alisema. "Watakuta yamewapa kisogo."

"Kwenye fomu si kuna mahali pa kuandika nani anayatunza?" Mzee aliuliza. "Umemwandika nani?"

"Nimejiandika mimi. Kwani bustani ni ya nani?"

Mzee akarudi kwenye gazeti.

Shida ni kwamba Jumamosi Dada asingekuwepo. Binti yake, mwanawe wa pekee, alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza, na daktari alikuwa amempangia upasuaji siku hiyo saa tatu asubuhi. Kwa basi ilikuwa safari ya siku nzima. Binti huyo alilelewa na bibi yake. Wakati anajifunza kutembea, mama yake alikuwa hapa, akimshika mkono mtoto wa Mwalimu apige hatua. Sasa alikuwa ameomba kitu kimoja tu: akizinduka amkute mama yake pale.

"Mama, nilikuomba ruhusa," Dada alisema. "Ijumaa nasafiri."

"Nakumbuka. Lakini ukiondoka, haya maua yatatazama wapi?"

Dada akafikiri. Hata yeye aliona ni swali la kujibiwa. "Stendi kwanza, nadhani. Halafu upande wa kwa mwanangu."

"Yaani ukutani."

"Ndiyo, mama. Ukutani."

"Basi utakwenda Jumapili. Mtoto hakimbii."

Dada alikwenda kutoa nguo kwenye begi. Alizikunja upya, ingawa zilikuwa zimekunjwa vizuri.

Jumamosi Mwalimu aliweka stuli nje ya geti, nyuma kabisa ya pale ambapo majaji wangesimama, akamkalisha Dada hapo na simu yake mapajani. Majaji walikuwa watatu. Walifika saa nne na kukuta mawaridi yote yakiwatazama usoni.

Mmoja alisogea hatua mbili pembeni. Maua hayakusogea. Akageuka.

"Yule ni nani?"

"Msaidizi wetu," Mwalimu alisema.

"Ndiye yanayemtazama?"

"Ndiyo. Wamezoeana."

Jaji akaandika: *Yana nidhamu.* Kisha akauliza, "Mnakata juu ya jicho la ndani au la nje?"

Mwalimu akavuta glavu zake zikae sawa.

"La nje," Dada alisema kutoka kwenye stuli.

"La nje," Mwalimu alisema, na jaji akaandika jibu la Mwalimu.

Simu ikaita. Alikuwa mkwe wake. "Mama, wa kike. Wazima wote wawili." Akaisogeza simu, Dada akasikia mtoto analia.

"Mama yake ameamka?"

"Ameamka. Kakuulizia."

Dada akafumba macho. Maua yote yakajifumba, saa nne na robo, jua likiwa kali. Mwalimu akapiga makofi mawili. Dada akafumbua macho, na maua yakafunguka. Majaji nao wakapiga makofi.

Kombe likaandikwa jina la Mwalimu. Jumapili walikuja wapiga picha wa gazeti, Jumatatu walimu wenzake wa zamani, Jumanne kikundi cha kina mama kutoka mtaa wa pili, na safari ikasogezwa mbele kila mara kwa siku moja. Jumatano Mwalimu alimnunulia Dada kiti chenye egemeo na kumkabidhi mbele ya wageni, asije akaumia mgongo. Dada alishukuru, akaketi nje ya geti.

Picha ilitoka Alhamisi, ukurasa wa tano. Mzee aliikata, akaibandika ukutani sebuleni. Mwalimu amesimama katikati na kombe lake, anatabasamu, na pande zote mbili mawaridi yameinua nyuso, yanamkazia macho mtu aliyekuwa nyuma ya mpiga picha.