Kitufe Kilichochakaa

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, wanachama tisa wa chama cha wapenzi wa kompyuta za zamani hukutana katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kabla ya ajenda yoyote hucheza mchezo wao. Mashine iliyookotwa mwezi huo huwekwa katikati ya meza ikiwa wazi, na kila mmoja husoma kibodi yake. Vitufe vya namba vikiwa vimepauka, mwenyewe alikuwa karani. Mishale ikiwa imelika, nyumba ile ilikuwa na watoto na michezo. Vitufe vyote vikiwa vipya kabisa, basi ilikuwa ya bosi.

Jumamosi hiyo fundi saa alileta kompyuta mpakato aliyoinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu. Ilikuwa nzito kama tofali, na plastiki yake ilikuwa imegeuka njano. Vitufe vyake vyote vilikuwa salama isipokuwa kimoja, kile kikubwa cha pembeni juu kulia, cha kufuta. Hicho kilikuwa kimelika hadi kikafanya kishimo cha mviringo katikati.

"Huyu alikuwa mshairi," akasema mwalimu wa jiografia. "Anaandika mstari, anaufuta."

"Au alikuwa anamwandikia barua mama mkwe," akasema fundi saa.

Wakacheka. Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hapitwi na mchezo huo, safari hii alikuwa anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa puani. Alipoipata akasema twende kwenye ajenda.

Chama hicho kina kambi mbili. Watu wa kabati husafisha mashine, huziweka nyuma ya kioo na kuwakataza wajukuu kuzigusa. Watu wa kutumia husema mashine isiyofanya kazi haina tofauti na sahani ya ukutani. Katibu, mwalimu mstaafu wa uchapaji, ni wa kambi ya pili, tena bila huruma. Muhtasari wa kila kikao huuandika kwa mashine iliyofufuliwa mwezi huo. Kwa hiyo kompyuta ile ilikwenda kwake, imezungushiwa taulo.

Ilimchukua siku nne. Alifungua skrubu thelathini na moja akazipanga kwenye trei ya mayai kwa mfuatano wa kutoka. Kutu ya betri ya saa aliitoa kwa siki na mswaki. Vitufe aliving'oa vyote akaviosha kwenye beseni la sabuni, na chini ya kile cha kufuta akakuta kipira kimekufa, akakiwekea kingine kutoka kwenye mashine ya vipuri. Diski ilikuwa imeganda. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wageni, ikaanza kuzunguka. Ndani hamkuwa na faili hata moja.

Jumatano saa nane mchana akaketi kuandika muhtasari. Aliandika kwamba kikao kilifunguliwa saa nne kamili, akakosea herufi moja, akabonyeza kitufe cha kufuta. Mlango ukagongwa.

Akaingia mwanamke aliyevaa gauni la hospitali, miguu mitupu, utepe wa namba mkononi.

"Samahani, mama. Ndiyo hapa?"

"Hapa wapi?"

"Sijui. Niliambiwa nisubiri."

"Basi kaa," Katibu akamwambia, maana muhtasari ulikuwa umeshachelewa.

Katibu si mtu wa kukosea ovyo. Alifundisha uchapaji miaka thelathini, na wanafunzi walimwita Rula akiwa hayupo, na mara moja akiwepo. Lakini vitufe vikuukuu vina ukaidi wake. Alipofika ajenda ya tatu, kochi lilikuwa limejaa wanawake wanne, mmoja amebeba kichanga kisicholia. Alipofika mengineyo ikabidi alete viti vya jikoni. Aliwauliza kama watakunywa chai. Walishukuru, wakasema hawana haja nayo tena.

Wote walikuwa na utepe wa hospitali ile kubwa ya jirani, wodi moja, ya wazazi.

"Taa zilizimika Alhamisi," yule wa kwanza akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia jinsi alivyokosa basi. "Na jenereta lilikuwa harusini."

"Harusini kwa nani?"

"Binti wa mganga mkuu alikuwa anaolewa. Lilirudi Jumapili."

Katibu akaondoa mikono kwenye kibodi.

Mdogo wake wa pekee aliondoka nyumbani Alhamisi moja, miaka ishirini na sita iliyopita, na mimba ya miezi minane na mkoba mdogo. Katibu alikuwa kazini, mama yao yuko sokoni. Hospitali ilipoulizwa ilitazama orodha yake, ikasema hakuna mtu wa jina hilo aliyefika. Mama akaamua kwamba binti amemfuata yule bwana aliyempa mimba. Akamkata kwenye picha ya familia kwa mkasi wa kushonea, akairudisha picha ukutani ikiwa na pengo, na tangu hapo jina lile halikutajwa ndani ya nyumba mpaka mama mwenyewe akazikwa. Katibu naye aliamini. Hilo ndilo lililomuuma sasa kuliko yote: kwamba aliamini upesi, akamkasirikia mdogo wake miaka yote hiyo, hata siku za sikukuu.

Akauacha muhtasari. Akawa anaandika herufi yoyote na kuifuta, nyingine na kuifuta, na kila mara mlango ukagongwa. Nyuso hakuthubutu kuzitazama. Alitazama miguu. Wa kumi na saba aliingia na kovu la mnyororo wa baiskeli juu ya kisigino.

"Dada," akasema. "Mbona umezeeka hivi?"

"Miaka imepita."

"Mingapi?"

"Ishirini na sita."

Mdogo wake alikuwa na ishirini na tatu. Akapiga hesabu kimoyomoyo. "Basi mwanangu angekuwa ananizidi umri," akasema. Yeye hakubeba kichanga. Wake alikuwa bado hajazaliwa.

Viti vilikuwa vimekwisha, akakaa juu ya mashine ya kushonea iliyofunikwa, akielekea ukuta wenye picha.

"Mama alikuja kunitafuta?"

"Alikuja. Jumatatu. Alifika mpaka dirisha la mapokezi."

"Wakamwambia nini?"

"Kwamba hukufika."

"Nilikuwa chumba cha maiti," mdogo wake akasema. "Pale mapokezi na chumba cha maiti ni ukuta mmoja tu. Na yeye akasemaje?"

"Hakusema kitu."

Huo ulikuwa uongo, na mdogo wake alikuwa ameshaiona picha. Hakumsuta dada yake. Aliitazama tu, hasa lile pengo, jinsi mtu anavyotazama nguo yake aliyovalishwa mwingine.

"Ni nani aliyewaondoa kwenye orodha?" Katibu akauliza.

Walijibu karibu wote. "Bwana wa kumbukumbu. Yule mwenye kidole kifupi."

Muda huo huo umeme ukakatika. Wanawake kumi na saba wakainua macho kwa pamoja kutazama taa ya darini. Kioo cha kompyuta kikazimika, na viti vikabaki vitupu. Umeme uliporudi saa kumi na moja, Katibu alianza tena kutoka wa kwanza, akimwomba radhi kila mmoja.

Mwenyekiti ana kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilichokatwa na mlango wa gari alipokuwa kijana. Hukitumia kuchapa kwa kugonga, na chamani wamemtania kwa hilo mpaka utani umechoka. Katibu alimkuta kibarazani kwake, asubuhi, akipaka dawa ya kung'arisha kwenye mfuniko wa kompyuta uliogeuka njano na kuuanika juani. Glavu yake ilikuwa imekatwa kidole kimoja na kushonwa vizuri.

"Katibu, karibu. Imewaka?"

"Imewaka."

"Umefikia wangapi?"

"Kumi na saba. Nilisimama hapo. Wa kumi na saba ni mdogo wangu."

"Pole sana," akasema Mwenyekiti, na alimaanisha. "Wiki ile walikuwa kumi na tisa. Niliagizwa ionekane kama wiki ya kawaida. Mimi nilikuwa nasoma namba, Katibu. Majina sikuyasoma."

"Na kama ungeyasoma?"

Akalifikiria swali hilo kwa haki kabisa. "Ningefuta," akasema. "Ila ningechelewa kumaliza."

"Kitufe hakiliki vile kwa watu kumi na tisa."

"Hapana. Pale nilifanya kazi miaka kumi na minne." Akaugeuza mfuniko upande wa pili. "Usiendelee kubonyeza. Sebule yako haitawatosha."

Katibu akamtaka aandike barua kueleza alichofanya. Mwenyekiti akavua glavu, akaandika, akatia sahihi. Ilikuwa barua nzuri, hakuacha kitu wala hakujitetea. Alipokuwa anaondoka akampa kikopo cha dawa ya kung'arisha kilichobaki nusu. Katibu akajikuta amekipokea na kusema asante, na njia nzima alijichukia kwa asante ile.

Fundi saa aliijaza upya betri ya mashine kwa seli mpya, akampa Katibu dhamana ya dakika arobaini. Jumanne saa tatu asubuhi Katibu akaiwasha, akawaita wote, akawaeleza wale kumi na sita wasubiri nyumbani. Walisema hilo hawana shida nalo. Yeye na mdogo wake wakaenda hospitali kwa miguu, Katibu kaibeba kompyuta ikiwa wazi mikononi kama sinia, mdogo wake kando yake na gauni lake.

Mlinzi wa getini akakagua mkoba wa Katibu, akawapisha. Nyuma ya jengo la kufulia palikuwa na maegesho ya magari. Mdogo wake aliacha njia ya mkato, akazunguka pembeni.

"Hapo chini ndipo tulipolala," akasema.

Dirishani palikuwa na binti mwenye adabu. Aliisoma barua yote, akausifu mwandiko, akaigonga muhuri wa kupokelewa. Kisha akatafuta.

"Hayupo kwenye mfumo, mama."

"Yupo hapa," Katibu akasema.

Binti akamtazama mdogo mtu, akamwomba mkono, akaandika namba ya utepe. "Na namba hii haipo. Lakini naweza kumwandikisha upya. Anasumbuliwa na nini?"

"Nilishafariki," mdogo wake akasema.

"Oo, pole, dada. Waliofariki ni dirisha la nane."

Dirisha la nane lilikuwa na foleni. Zilipobaki dakika sita walimfikia bwana mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Cheti cha kifo kinatokana na faili la kulazwa," akawaeleza bila ukali. "Faili la kulazwa liko wapi?"

"Lilifutwa. Barua hiyo inaeleza."

"Barua nimeiona. Barua inaeleza kwamba faili halipo, na mimi nakubaliana nayo." Akamtazama mdogo mtu, kisha Katibu. "Mama, asiyelazwa hapa hakufia hapa. Kwa utaratibu wetu huyu ni mzima. Mshukuru Mungu."

"Muulize mwenyewe!"

Bwana yule alikuwa mtu muungwana, akamuuliza. Mdogo wake akafungua kinywa kujibu. Kompyuta ikalia mara tatu, kioo kikawa cheusi, na mbele ya dirisha akabaki Katibu peke yake na mashine yenye joto.

"Anayefuata," akasema bwana wa dirisha la nane.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata kulikuwa na uchaguzi. Katibu aliisoma nakala ya barua mbele ya wanachama wote, toka mwanzo hadi mwisho. Walisikiliza kwa makini. Mwalimu wa jiografia alifuta machozi. Fundi saa akauliza kama suala hilo ni la chama au la mtu binafsi, wakakubaliana ni la mtu binafsi, wakampa pole mtu huyo. Kisha Mwenyekiti akachaguliwa tena. Mkono wa Katibu haukuinuka, lakini walioulizwa walikuwa wanaomkubali tu.

Nyumbani, kila saa nane mchana, Katibu aliendelea kuwaita. Ili amfikie mdogo wake ilimlazimu awapitishe wale kumi na sita, na kila siku yule wa kwanza aliuliza kama ndiyo hapa.

"Waache wenzangu wapumzike, dada," mdogo wake akamwambia siku moja. "Niandike mimi peke yangu, halafu unifute. Ndivyo tulivyokuja wote."

"Mimi siwezi kukufuta."

"Ni kazi ndogo."

"Siwezi, nimesema."

"Mimi nimezoea, dada," akasema mdogo wake, kwa upole. "Wewe ndiye hujazoea."

Sasa kila siku Katibu huandika majina matatu ya mdogo wake, lake, la baba na la babu, polepole kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Hakuna mahali pengine ambapo jina hilo limeandikwa. Likiwa pale kwenye kioo, kamili, bila kosa, chumbani hamna mtu. Katibu hulitazama kwa muda anaoweza kuvumilia, na ziko siku ambazo huvumilia mpaka jua linahama dirishani. Kisha huanza kufuta kutoka mwisho, la babu, la baba, halafu lake, herufi moja moja. Inapoondoka ya mwisho, mlango hugongwa.