Springi Fupi

Fundi hakuwa na rula. Alichomeka vidole kati ya tairi na bodi ya gari, akasema vinaingia vinne, kwa hiyo anayetaka gari likae chini aseme vibaki vingapi. Kwenye gunia alikuwa amepanga springi za aina tatu: ndefu mpya, fupi nyekundu, na nyingine kuukuu zilizokatwa kwa msumeno.

"Kwa barabara zetu hizi, shemeji, mimi ningefunga ndefu na shokapu ngumu," alimwambia mke, aliyekuja na mumewe. "Gari lipande, si lishuke."

"Ndefu hizo hizo," alisema mke.

Majirani walimwita mke huyo Mlingoti kwa urefu wake, naye alishazoea kuitika. Gari lilikuwa lake, ameachiwa na marehemu shangazi yake. Jumatatu iliyokuwa inakuja alitakiwa kuripoti shule ya ng'ambo ya bonde kufundisha hesabu, kazi aliyoihangaikia miaka sita. Basi halifiki huko. Kwa miguu ni saa tatu za mashimo na matuta, na kengele ya kwanza hugongwa saa moja asubuhi.

Mumewe alikuwa karani, na utosi wake ulimfikia mkewe begani. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, ufunguo ukining'inia kidoleni.

"Gari refu halina heshima," akasema. "Funga fupi. Tuanze na vidole viwili."

"Na bonde je?"

"Bonde lipo tu, mke wangu. Linahamia wapi?"

Fundi alimtazama mwenye gari, akamtazama mwenye ufunguo, kisha akavuta jeki.

Waliporudi nyumbani dari ilikuwa imeshuka. Kila kidole kilichopungua kwa fundi, pale nyumbani, kilikuwa shibiri nzima. Mlingoti alijua kwa sababu balbu ya sebuleni ilimgonga kwenye paji la uso. Alichukua kitambaa akaipangusa, maana ilikuwa na vumbi la siku nyingi. Kuta hazikupasuka popote, na milango ilikuwa imejifupisha yenyewe bila kukwaruza sakafu.

"Nyumba zikizeeka hukaa chini," alisema mumewe, akaomba chai.

Jumatano mume aliona gari bado liko juu. Akalirudisha kwa fundi zikafungwa zile za kukatwa, hata kidole kimoja kisipite. Jioni hiyo dari ilishuka shibiri mbili nyingine, ikatulia sentimeta chache juu ya nywele zake. Yeye alipita huku na huku akipiga mluzi. Mkewe alipika ameinama, akafagia ameinama, akavaa ameketi.

Jirani alikuja kuazima pasi. Aliingia kichwa kikiwa chini, kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya wakwe.

"Hee! Kwenu kuna ubaridi mzuri jamani," akasema. "Sisi joto linatuua. Fundi wenu nani?"

Jumamosi Mlingoti aliomba ufunguo, akapewa. Alifika tuta la kwanza, pale mwisho wa mtaa, na gari likalikalia. Magurudumu ya mbele yakazunguka hewani huku sampo chini ya injini ikimwaga oili. Wanaume sita walilinyanyua, wakacheka sana, wakalisukuma mpaka nyumbani.

"Rudisha gari likafungwe zile springi ndefu," alimwambia mumewe.

"Fundi keshamuuzia mtu."

"Umenifungia ndani. Unajua kabisa umenifungia."

"Nimekufungia na nini? Mlango si huo hapo, uko wazi?"

Mlango ulikuwa wazi kweli. Ulimfika kifuani. Mlingoti alitoka uani, mahali pekee alipoweza kusimama, akalia kwa hasira mpaka pua ikaziba.

Jumatatu alijipiga moyo konde aende kwa miguu. Alfajiri alivaa, akafunga vitabu kwenye kanga, akatoka uani na kuvuta pumzi ajinyooshe. Mgongo ulikataa. Ulikuwa umeshika kipimo cha nyumba. Alijaribu kwa kuegemea ukuta, akajaribu kwa kuning'inia kwenye kamba ya nguo, wapi. Alitembea hivyo hivyo, macho kwenye vidole vya miguu, na kulipokucha kabisa alikuwa hajafika hata kwenye tuta. Akarudi.

Saa mbili mwalimu mkuu alipiga simu.

"Mwalimu, watoto wamekaa wanakusubiri. Kulikoni?"

"Mgongo," alisema Mlingoti, na haukuwa uongo.

"Pole. Utapona lini?"

Nyuma ya simu watoto walikuwa wanaimba majedwali ya kuzidisha, wamefika mara saba. Mlingoti alisikiliza mpaka sita mara saba.

"Sijui, mwalimu mkuu," akasema. "Tafuteni mwingine."

Mumewe alikuwa amesimama katikati ya sebule, tayari kwa kazi, viatu vimeng'aa. Aliinua mkono, na kiwiko hakijanyooka bado, kiganja chake kikalala chote kwenye dari. Tangu azaliwe hakuwahi kugusa dari yoyote bila kupanda kiti.

"Njoo uone, mke wangu," akaita kwa furaha. "Nimefika!"

Mlingoti akaenda, akasimama kando yake kama alivyoweza. Vichwa vyao vilikuwa sawasawa.

"Nimeona," akasema.